Mwaka Ambao Wani Alikatazwa Kukua

Shangazi yangu alipofariki, msimu wa mvua uliopita, watu wengi walisimama kwenye matanga kumsifu, na karibu wote walisifu kisra yake. Ni kweli kwamba hakuna mwanamke mtaani kwetu Hai Malakal aliyeweza kuoka ule mkate wa mtama uliochachuka ukatoka mwembamba na laini kama wake. Lakini nilikaa pale chini ya turubai nikaanza kukasirika kidogokidogo. Mtu aishi miaka yote hiyo, alee watoto katikati ya vita, halafu asifiwe mkate tu, huko ni kumpunja. Binamu yangu Wani, mwanawe wa pekee, alikuwa amekaa kando yangu. Siku hizi ana mvi, ni fundi wa ujenzi, na hajawahi kuwa mtu wa maneno. Walipomwita aongee alisimama, akashika mgongo wa kiti, akasema asanteni kwa kuja, akakaa. Baadaye, watu walipokuwa wakinawa mikono ili wale, aliniinamia akasema, "Keji, wewe ndiyo mwalimu. Andika ile maneno ya dawa. Mimi nikianza nalia." Nimefundisha Kiswahili nusu ya maisha yangu na nimesahihisha insha za watoto wasiohesabika, na sijawahi kupewa mada ngumu hivi. Naiandika kwa sababu ameniomba yeye, na kwa sababu bado nina hasira ya ile sifa ya mkate.

Mwaka ninaousema, Juba ilikuwa imezingirwa. Jeshi la serikali lilishika mji, wapiganaji walishika misitu yote kuanzia pale nyumba zilipoishia, na njia za kutoka zilikuwa zimetegwa mabomu. Chakula kililetwa na ndege, siku ambazo ndege zilikubali kuja. Mimi nilikuwa nimetoka Uganda na kutupwa kwa shangazi kama furushi, na sitaeleza zaidi ya hapo kuhusu ukoo wetu, kwa sababu ukoo wetu una maneno mengi. Ua wa shangazi ulikuwa na tukul mbili, yaani nyumba za msonge za udongo, na kibanda cha makuti kilichokuwa jiko letu. Mimi na shangazi tulilala kwenye tukul kubwa. Wani alilala kwenye ndogo pamoja na kuku, mpaka kuku walipoliwa, akabaki peke yake akilalamika kwamba kumekuwa kimya mno. Ndani ya tukul yetu mlikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati lenye nguo za shangazi za kanisani, na rafu ya miti iliyobeba makopo ya maziwa ya unga, yote matupu ya maziwa na yote yakiwa na kitu kingine ndani. Ukinifumba macho leo ukaniingiza mle, nitakuonyesha kila kopo lilipokaa.

Tulikula mtama. Asubuhi uji wa mtama, mchana asida, yaani ugali wa mtama, jioni asida tena kama ilikuwapo, na bamia kavu pembeni. Ng'ombe hawakuweza kuingia mjini, kwa hiyo nyama ilikuwa hadithi. Wavuvi hawakuruhusiwa kwenda mbali mtoni, na samaki wachache waliopatikana walikwenda kambini. Na kisra yenyewe, hii iliyosifiwa matangani, mwaka ule hatukuila ila Jumapili, maana kuoka kisra kunataka kuni nyingi, na wanawake waliokwenda kutafuta kuni nje ya mji wengine walirudi wamebebwa. Asida iliiva haraka. Shangazi alisonga unga kama ulivyo, bila kuuchachua, akatuita tule. Tulikula kwa heshima. Shangazi aliuliza, "Tamu?" na Wani alijibu kila siku, "Tamu, mama." Mimi pia nilisema tamu, ingawa kwa muda mrefu nilikuwa nikila kama mtu anayetafuna karatasi. Nilidhani ndivyo vita vilivyo, kwamba chumvi nayo imepungua nguvu.

Mimi na Wani tulikuwa na umri mmoja, miaka kumi na sita, na hakuna mgeni aliyewahi kuamini. Tulionekana watoto wa kumi, wa kumi na mmoja ukiwa mkarimu. Kifua changu kilikuwa ubao mtupu. Nywele zangu zilikuwa nyepesi, pembe za mdomo zilipasuka kila nilipopiga miayo, na nilikuwa na tabia ya kumega udongo wa ukuta na kuula kisirisiri, tabia ambayo nusu ya wasichana wa darasa langu walikuwa nayo. Ukuta wa nyuma wa shule ulikuwa na mashimo yetu. Tulikuwa darasa zima la watu wadogo. Mwalimu mpya alipoingia alituomba radhi akatoka, akidhani amekosea chumba. Tulicheka sana siku hiyo, lakini nakumbuka nilivyorudi nyumbani nikasimama nyuma ya tukul, nikajitazama chini hadi miguuni, nikalia. Nilitaka kuwa mwanamke. Nilitaka sana, na sikumwambia mtu.

Kwa Wani udogo ulikuwa na faida, na faida yenyewe ilikuwa kubwa. Mara kwa mara jeshi lilifanya kile tulichokiita kasha, yaani msako wa kukusanya vijana wa kupeleka vitani. Walifunga mtaa, wakasimamisha wavulana wote barabarani. Hawakuuliza umri, kwa kuwa kila mvulana mwenye akili alijua kujibu kumi na mbili. Walisema inua mkono. Mwenye nywele kwapani alipanda lori. Mtoto wa jirani yetu wa kushoto alipanda, na wa jirani wa nyuma alipanda, na mama zao wakawa wanatembea kwa mwendo mwingine tangu siku hizo. Wani aliinua mkono, askari akatazama, akacheka, akampiga kofi dogo la kichwa na kumwambia aende kwa mama yake. Na mama yake alimshukuru Mungu waziwazi. Kila jioni kabla ya kula, tukiwa tumefumba macho, shangazi alitaja wagonjwa, akataja wasafiri, kisha akasema, "Na asante kwa kwapa ya Wani." Mimi nilibana pua nisicheke. Wani alisema amina kwa sauti kuliko sisi wote.

Sista Veronika alikuja shuleni mvua zilipoanza. Alikuwa mtawa na nesi, mwanamke mpana aliyezaliwa Rejaf na kusomea kazi yake Uganda, na aliongea nasi Kiswahili cha huko kwa kuwa alijua wengi wetu tumerudi kutoka huko. Alitazama kucha zetu, midomo yetu, vidonda vya miguuni. Kisha akatuuliza jambo ambalo hakuna mtu mzima alikuwa ametuuliza. "Nyinyi mukikula, chakula nasikia tamu?" Tulicheka. Halafu mmoja akasema hapana, mwingine akasema hapana, na mimi nikasema sijasikia chumvi tangu Krismasi. Sista hakucheka. "Nyinyi hapana wavivu, na hakuna mtu alilaani nyinyi," akasema. "Mwili nakosa madini moja, jina yake zinki. Inakaa kwa nyama, inakaa kwa samaki, na hiyo sasa hakuna. Mtama iko nayo kidogo, lakini mtama nafunga hiyo zinki ndani. Unga ikichachuka, nafungua kidogo. Na muache kula ukuta, ukuta nafunga zaidi." Juba yote huita mabati zinki, basi siku nzima wavulana walitembea wakitangaza kwamba tutalishwa mapaa. Wani, ambaye alifungua mdomo mara chache, alisema ni bora watuanzie na misumari.

Vidonge vya zinki alivyoleta, vya kumeza mbele yake kila siku, vilikuwa vichache, wakapewa waliodumaa zaidi, na mimi na Wani tulichaguliwa bila ubishi. Nilirudi nyumbani nikikimbia. Shangazi alikuwa anapepeta unga chini ya kibanda, nami nikamweleza yote kwa pumzi moja, kwamba si laana, kwamba kuna dawa, kwamba Sista anasema tutakua. Ungo ukasimama mikononi mwake. "Nani atakua?" akauliza. Nikasema sisi wote wawili. Shangazi alimtazama Wani, aliyekuwa akivua viatu mlangoni, akamtazama kwa muda mrefu kama mtu anayepima kitambaa asichotaka kukikata. "Wewe utakua," akaniambia. "Wani atakua vita ikiisha." Kisha akamwita karibu, akamfundisha. Aweke kidonge kati ya fizi na shavu, anywe maji, afungue mdomo Sista aone ulimi mtupu, na akilete nyumbani. Wani akauliza, "Na Sista akijua?" Shangazi akajibu, "Sista hana lori." Wani hakubisha. Alimpenda mama yake na aliliogopa lori, na katika nyumba ile hayo mawili yalikuwa jambo moja. Wala mimi sitajifanya leo kwamba niliona ubaya. Niliona akili.

Kidonge kile kilikuwa na ladha ya chuma kali hata kwa sisi wenye ndimi zilizolala. Wengine walijaribu kukihifadhi mdomoni ili wakauze sokoni kama dawa ya malaria, wakashindwa kabla ya kufika getini, wakatema. Wani alikibeba kuanzia shuleni hadi Hai Malakal, akipita askari, akiamkia majirani kwa kichwa, bila kukunja uso. Aliweza kwa sababu hakusikia kitu. Hilo lingetosha kutufungua macho, lakini sisi tulimsifu kwa uvumilivu. Alitema kidonge kwenye kiganja cha mama yake, shangazi akakipangusa, akakianika kidogo juu ya ungo, akakitia kwenye kopo la rafu ya juu. Hakutupa hata kimoja. Nilimuuliza kwa nini anavitunza, akanishangaa. "Hiyo ni yake," akasema. "Siku watu wataacha kupigana, atakunywa yote, atakua." Alisema hivyo kwa utulivu kabisa, kama anayemwekea mtoto nguo ya sikukuu.

Mimi nilimeza changu. Ladha ndiyo iliyorudi kwanza. Jioni moja shangazi alinyunyiza ufuta kidogo juu ya bamia, nikatia tonge mdomoni, na ufuta ukanijia wote, moshi wake na mafuta yake, nikaacha kutafuna kwa mshangao. Niliomba tena, kitu ambacho sikuwa nimefanya tangu nije. Kisha pembe za mdomo zikapona. Kisha, taratibu, mwili ukakumbuka kazi yake. Gauni la shule likabana kifuani, nikawa natembea nimeshika vitabu mbele, kwa aibu na kwa majivuno, yote mawili. Mvua zilipokuwa zinaishia nikapata damu yangu ya kwanza. Shangazi alinikalisha kitandani, akafungua lile sanduku la bati, akanipa kitenge chake cha kanisani na kunifundisha mambo yote bila haraka, akinishika magoti. "Sasa iko mwanamke mbili hapa ndani," akasema, na alifurahi, naomba hilo lieleweke, alifurahi kwa moyo wake wote. Tulipotoka nje Wani alikuwa amekaa kwenye kigoda, akikijaza nusu tu. Alinitazama, akatazama kitenge, akarudi kwenye kitabu chake. Tulikuwa tumezoea kukaa kwenye kigoda kile wawili. Tangu siku hiyo sikutoshea.

Kidonda cha Wani ndicho kilichomleta Sista nyumbani. Alijikwaruza ugokoni kwa ubao wa dawati, kitu kidogo, na wiki zikapita kidonda hakifungi. Kilikaa wazi, chekundu, kikichuruzika maji. Sista alikisafisha shuleni kila siku, akitazama kutoka kwangu kwenda kwa Wani na kurudi, kwa sababu tulianza dawa siku moja. Mwisho akasema anahofia ni ugonjwa mwingine, mkubwa zaidi, na kwamba Jumapili atakuja kuongea na mama. Shangazi alihangaika. Mtawa nyumbani ni heshima. Alioka kisra kwa kuni za wiki nzima, akapika bamia na samaki mkavu mdogo aliyempata sijui wapi, akapika huku akirekebisha kitambaa cha kichwa na kunituma mara kwa jirani kuazima sahani. Chumvi ya mwaka ule ilikuja kwa mabonge, na magadi ya kulainishia bamia vilevile ni mabonge, na makopo yao yalikaa bega kwa bega. Katika haraka yake shangazi alitia magadi palipopasa chumvi, tena akatia mengi ili kumpendeza mgeni.

Tulikaa chini ya kibanda, mchana kweupe, sahani moja kubwa katikati. Sista alibariki. Nilitia tonge la kwanza mdomoni nikahisi kama nimelamba sabuni ya kufulia. Nilimwona Sista amesimamisha taya, macho yanamtoka machozi, anatafuta kwa adabu mahali pa kupeleka kile kilichomo mdomoni. Shangazi alionja, akatema kiganjani papo hapo, akashika sahani aiondoe. Na mkono wa Wani ulikuwa bado mle. Alikuwa anakula. Alikata kipande cha kisra, akachota bamia, akatia mdomoni, akatafuna, akameza, akachota tena. Aliona tumenyamaza, akadhani tunangoja neno lake la kila siku. "Tamu, mama," akasema.

Sista alimeza kwa shida, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Wani, mboga nasikia namna gani?" Wani alitutazama mmoja mmoja, akajua kuna kosa ila hakujua liko wapi, akajaribu kumsaidia mama yake. "Chumvi iko sawa," akasema. "Samaki pia nasikia." Shangazi alikuwa bado ameshika ukingo wa sahani. Nilizoea uso wake wa hasira, na wa uchovu, na ule wa sala. Uso ule sikuwa nimeuona. Alikuwa akimtazama mwanawe kama amemkuta ghafla mahali pa mbali, peke yake, na kwamba amekuwa huko siku nyingi akimwitikia kwa adabu kila alipoita. Nilitaka kumkumbatia Wani na niliona haya kwa sababu ya mgeni.

Nilitumwa kuosha vyombo, na nilivipeleka nyuma ya kibanda, mahali ambapo ukuta ni mabua tu. "Dawa nakwenda wapi, Mama Wani?" Sista aliuliza. Nilisikia kopo likishushwa na vidonge vikilia ndani. Sista hakugomba. Alisema kwamba mwili wa kijana una msimu wake wa kukua, ukipita haurudi wote, na kwamba kile kidonda kinangoja hiki kilichomo kwenye kopo. Shangazi akasema, "Sista, nauliza wewe. Kulea mtoto mdogo, na kuzika mtoto mkubwa. Wewe utachukua gani?" Maji yangu ya vyombo yalikuwa yamepoa nami sikuwa nimeosha hata kijiko. "Mimi sijui," Sista akasema mwishowe. "Mimi sina mtoto. Lakini huyu wako hapana sikia chakula yako. Nafikiri hata siku moja hapana sikia." Baada ya hapo nilimsikia shangazi akipenga kamasi kwenye kona ya nguo yake.

Asubuhi iliyofuata hakukuwa na hotuba. Shangazi aliweka kikombe cha maji mbele ya Wani, akatoa kidonge kwenye kopo, akakiweka kiganjani mwake. Wani alikitazama. "Na kasha?" akauliza. "Kasha ni ya mimi," shangazi akasema. "Wewe kunywa." Alikunywa, mama akimtazama koo mpaka lishuke. Nimekuwa mama tangu hapo, na nimefanya mambo ya kutisha kwa ajili ya wanangu, ila sidhani kama nimewahi kufanya kitu kigumu kuliko kukaa kwenye kigoda na kutazama koo lile.

Kidonda kilifunga kabla ukame haujashika. Halafu jioni moja, katikati ya asida, Wani aliweka tonge chini akasema, "Mama, mboga hii chumvi nyingi." Shangazi alisimama. Alitoka uani, akaenda hadi ua wa jirani wa kushoto, yule aliyepotelewa na mwanawe, na tukamsikia akisema kwa fahari, "Wani ametukana mapishi yangu." Wakacheka wote wawili kule, wakacheka muda mrefu, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Tangu siku hiyo Wani akawa mlaji msumbufu kuliko wote ninaowajua. Mkewe atathibitisha.

Na akakua, mvua nyingine zikaja zikapita akikua. Shangazi aliahidi kwamba kasha ni yake, akaifanyia kazi. Kila Jumamosi alimkalisha Wani kwenye tukul ndogo, akamnyoa makwapa kwa wembe, na baadaye juu ya mdomo pia, akimwambia atulie kama mtu anayemwambia mbuzi. Sauti ilipovunjika akamkataza kuongea barabarani. Alimshonea shati refu la kufika chini ya magoti, akamfundisha kutembea ndani yake magoti yamekunjwa, ili awe mfupi huku mabega yakibaki sawa. Walifanya mazoezi uani, shangazi mbele akionyesha, naye mfupi mnene, Wani nyuma akimfuata, wakizunguka jiko kama bata wawili, na mimi nikiwa msimamizi wa kusema huyu ameonekana, huyu hajaonekana. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Ilikuwa miezi ya furaha, siwezi kuandika vinginevyo. Hata ndani ya nyumba alizoea kutembea amekunja magoti, akasahau kuyanyoosha, na sisi tukazoea kumwona hivyo.

Kasha iliyompata haikuwa ya barabarani. Walikuja shuleni wakati wa somo, wakawachukua wavulana wote, wakubwa kwa wadogo, wakawatembeza hadi uwanja wa kambi. Nilikimbia kumwita shangazi, na tulipofika mama wengi walikuwa tayari kwenye uzio wa waya. Wavulana walipangwa mistari kwenye jua. Ofisa mmoja alikuwa akigawa, wakubwa kulia, wadogo kushoto, na hakuwa na haja ya makwapa, alitumia macho. Wani alikuwa mstari wa kati, ndani ya shati lake refu, magoti yamekunjwa. Kutoka mbali alionekana mdogo kabisa. Shangazi alishika waya, akaanza kusali midomo ikienda. Lakini mistari ilikuwa mirefu, jua likapanda, na nikaona shati linatikisika upande wa chini. Mapaja yake yalikuwa yanatetemeka. Aliendelea. Jasho lilimshuka kidevuni naye hakupangusa, asije akapoteza usawa.

Kisha sajini akagundua mchezo. Mvulana mmoja wa mstari wa mbele alikuwa amekunja magoti vilevile, na sajini akampiga fimbo chini ya goti, akaanguka, hakuinuka. Sajini akaanza kupita mstari kwa mstari, akipiga magoti ya kila mwenye nguo ndefu, na alipiga kama mtu anayevunja kuni. Alibakiza wavulana wachache kumfikia Wani. Wani alimwona. Hakutazama fimbo, alitazama kwenye waya, akimtafuta mama yake, na magoti yake yakazidi kukunjika, kwa sababu alikuwa amemwahidi mama hatayanyoosha. Kama mama asingesema kitu angebaki vile mpaka wamvunje. Nilijua hivyo, na shangazi alijua kabla yangu.

Wani alirudi baadaye, nimeshasema yuko hai na ana mvi. Alikaa jeshini miaka ambayo hataki kuisimulia, na akarudi kwa miguu yake mizima akajenga nyumba za watu. Siku ile hatukujua lolote kati ya hayo. Shangazi aliacha kusali. Aliingiza uso kati ya waya na kuita, si kwa kelele, kwa sauti ileile aliyomwamshia asubuhi. "Wani. Inuka, baba. Imetosha."

Wani akainuka. Aliyanyoosha magoti kwa shida, moja kisha lingine, akanyoosha mgongo, na akaendelea kwenda juu. Alipita mabega ya wenzake wa mstari, akapita vichwa vyao, shati refu likapanda mpaka juu ya magoti likawa shati tu. Sajini aliyekuwa amemfikia ilimbidi ainue uso. Nilikuwa nimeishi naye ua mmoja, nimekula naye sahani moja kila siku, na sikuwa nimemwona kamwe amesimama urefu wake wote. Shangazi alinishika mkono. Hakuwa analia. Alikuwa akitazama juu, mdomo wazi kidogo, akaniuliza polepole, kama mtu anayeulizia mtoto wa watu wengine.

"Keji. Yote ile ni Wani?"